Miwani Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Niliondoka kisiwani kwetu kwa hasira, na ni vizuri msomaji alijue hilo mapema asije akadhani nilikwenda kutembea. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika delta ya Rufiji, upande wa Kibiti. Nafundisha hisabati darasa la sita na la saba, na juu ya hapo nimepewa kazi ya mwalimu wa afya. Maana yake mtoto akitapika ni wangu, akijikata mguu kwa chaza ni wangu, na ukija mradi wowote wenye neno "afya" kwenye fulana zao, wageni ni wangu.

Shule zilipofunguliwa Januari ulikuja mradi mmoja, jina lake nitaliacha. Waliwapima watoto uzito, meno, masikio na macho, wakagawa dawa za minyoo. Kazi nzuri, sikatai. Watoto saba wakaonekana hawaoni mbali, wakaahidiwa miwani. Mmoja wao ni Mwanaidi, wa darasa la saba. Alisimamishwa mbele ya bango la herufi, akasoma ile herufi kubwa ya juu kabisa, akanyamaza. Mpimaji akamwambia aendelee. Mwanaidi akamgeukia kwa adabu, akauliza, "Kwani kuna nyingine?"

Februari nikapiga simu, nikaambiwa miwani inatengenezwa. Machi, iko njiani. Aprili, imefika Kibiti, ila tunasubiri. Tunasubiri nini? "Taratibu, mwalimu." Mwezi Mei nikapiga tena, nikaambiwa vilevile, kwa sauti ileile ya upole ambayo humfanya mtu atamani kutupa simu majini.

Wiki hiyohiyo Bi Mwajuma, bibi yake Mwanaidi, akaja shuleni kwa mguu wake. Mtoto amelelewa na yeye tangu mama yake alipoolewa Mafia. Alikaa kwenye benchi la ofisini, akajifunga upya mtandio wake, akasema mpunga umeanza kuiva na yeye hana mtu wa kuamia, wa kufukuza ndege shambani.

"Nimekuja kumchukua mjukuu wangu, mwalimu. Shule yenyewe haimwingii."

"Bibi, Mwanaidi haoni ubaoni. Tumeshampima."

"Haoni, na maji kila siku anakwenda kuchota na anarudi na ndoo imejaa?"

"Anaona karibu. Mbali haoni. Miwani yake iko tayari Kibiti. Akichukuliwa sasa, huo mtihani wa Septemba atafanyaje?"

"Miwani," akasema Bi Mwajuma, kama mtu aliyetajiwa mtoto wa jirani mwenye tabia mbaya. "Tangu Januari nasikia miwani."

Nilimwomba anipe mpaka Jumatatu. Akaguna, akaondoka, wala hakusema ndiyo wala hapana. Mwalimu mkuu akaniruhusu, akanitaka nimwahidi jambo moja tu: nisigombane na mtu.

Alfajiri ya Alhamisi tuliondoka na boti maji yakiwa yamejaa. Ukiyakosa maji delta hii, unakaa kwenye tope unatazamana na kaa. Tulipita mkondo baada ya mkondo, mikoko pande zote mbili, na sijui mtu anayeimaliza safari hiyo bila kuulizwa habari zake zote. Abiria walipojua nafuata nini, kila mmoja akanipa ushauri. Mzee mmoja akasema miwani huharibu macho. Mama mwenye kapu la kamba wabichi akasema watoto wa siku hizi wanajisingizia. Nikawa nawafundisha watu wazima habari za macho katikati ya mto, injini ikizima na kuwaka, nahodha na mwenzake wakigombana nani alitia mafuta yenye maji.

Nyamisati tulifika jua limeshapanda, na gari la abiria la kwenda Bungu lilikuwa limekwishaondoka. Jingine? Labda jioni, labda kesho, barabara imeharibika kwa mvua za masika. Nikaomba lifti kwenye lori la samaki. Dereva alikuwa muungwana, akanikalisha mbele, lakini barafu ilikuwa ikiyeyuka nyuma yetu na kila tulipokwama, na tulikwama mara nyingi, ilinibidi nishuke ili lori liwe jepesi. Sijui uzito wangu mimi ungelisaidia nini lori zima la samaki. Nilishuka hata hivyo. Tulipoiona lami ya barabara kuu nilitaka kuibusu.

Kibiti niliingia alasiri, sketi ina tope hadi magotini na mwili mzima unanuka samaki. Nilinawa bombani sokoni, nikaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya mradi. Ni vyumba viwili nyuma ya maduka. Alinipokea ofisa wao, kijana mpole anaitwa Festo, ndiye mwenye ile sauti ya kwenye simu. Aliponikaribisha kiti alifungua na dirisha. Nilimwelewa.

"Mwalimu, umekuja mwenyewe! Ungepiga tu simu."

Nilivuta pumzi, nikamkumbuka mwalimu mkuu. Chini ya meza, kando ya bango lililokunjwa na katoni za fulana, niliona boksi limeandikwa jina la shule yetu.

"Lile ndilo boksi la miwani?"

"Ndilo lenyewe."

"Basi naomba niondoke nalo."

"Hapana, mwalimu. Lazima kuwe na makabidhiano."

"Nikabidhi."

"Makabidhiano rasmi," akasema Festo, na akanieleza kwa utaratibu kabisa. Patakuwa na turubai, patakuwa na ngoma, watoto watavaa fulana, na miwani itakabidhiwa na mgeni rasmi, ambaye ni Mheshimiwa, mbunge wetu. Bango limeshachapishwa. Akanikunjulia nilione. Lilikuwa zuri. Pale mahali pa tarehe palikuwa patupu.

"Mheshimiwa anakuja lini?"

"Ratiba yake bado haijakaa sawa."

"Kasema yeye?"

"Tunamsubiri bosi wetu aliyeko Dar ndiye awasiliane naye."

"Na bosi anasemaje?"

Festo akakohoa. "Bosi anatusubiri sisi tumpe tarehe."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Alikuwa amekaa na boksi hilo miguuni pake tangu Aprili, akilipita kila asubuhi anapokwenda kukaa kwenye kiti chake, na hakuona ajabu yoyote. Nikamwuliza kama angekubali kunipa hata miwani moja tu, ya mtoto wa darasa la saba. Akasema tukitoa moja sherehe itapungua. Nikatoka kabla sijaivunja ahadi niliyompa mwalimu mkuu.

Nililala kwa shangazi yangu nyuma ya stendi. Nilipomaliza kulalamika, shangazi, ambaye alikuwa akichambua mchele muda wote huo, akasema, "Huyo Mheshimiwa wenu kesho yuko Mahege msibani. Amefiwa na mama yake mdogo. Kama unamtaka, mfuate huko."

"Msibani, shangazi? Nikamdai miwani mbele ya maiti?"

"Sasa wewe utampata wapi pengine? Ofisini kwake?"

Ijumaa asubuhi nikachukua bodaboda kwenda Mahege. Dereva alinihakikishia njia anaijua kama kiganja chake, na kweli aliijua, maana alijua hasa ni dimbwi lipi tutaangukia. Tulianguka kando ya mikorosho, taratibu, kama watu wanaojilaza. Nikaingia msibani na tope jipya juu ya lile la Nyamisati.

Msiba una adabu zake, hata ukiwa na hasira. Nilikwenda upande wa akina mama, nikatoa pole, nikapewa kisu na sinia la vitunguu. Mama mmoja akaniuliza mimi ni wa upande gani. Nikasema natoka visiwani. "Aa, wa upande wa baba yake marehemu," akasema, akawatangazia na wenzake, na nikawa ndugu. Nilimenya vitunguu huku machozi yakinitoka, na kila aliyepita akanipa pole ya dhati. Sijawahi kujisikia mwongo namna ile bila kusema uongo wowote.

Walizika baada ya sala ya Ijumaa. Watu walipokwisha kula, nilimwona Mheshimiwa ananawa mikono pembeni ya turubai, peke yake kwa mara ya kwanza siku ile. Ni mtu wa makamo, mnene kidogo, macho mekundu ya kilio. Nikaona haya. Nikasogea.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Ahsante, binti. Tumeshapoa."

"Mimi ni mwalimu, natoka visiwani. Nisamehe kwa kukufuata hapa. Ni kwa ajili ya miwani ya watoto wetu."

"Miwani gani?"

"Ile utakayoikabidhi."

"Nitakabidhi miwani?" Akaacha kunawa. "Nani kasema?"

Nikamweleza. Bango, turubai, ngoma, ratiba yake ambayo haijakaa sawa. Alinisikiliza hadi mwisho, maji yakimchuruzika viwikoni. Kisha akasema polepole, "Mwalimu, mimi neno hilo nalisikia kwako leo. Hakuna mtu aliyeniambia."

Akaomba namba ya ofisi, akapiga palepale. Nilimsikia Festo akisimama, kiti kilianguka. Akajieleza kwamba hawakutaka kumsumbua Mheshimiwa kabla bosi hajazungumza naye. Mheshimiwa akasema, "Sasa nimesumbuka. Mpe mwalimu boksi lake leo. Msubiri, usifunge ofisi." Nikataka kumshika mkono nimshukuru.

Lakini alipokata simu uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa umechangamka. "Unajua," akasema, "jambo lenyewe ni zuri. Mimi nilisoma na mtu aliyeacha shule kwa sababu ya macho. Kwa nini nisije mwenyewe? Nipe wiki mbili hivi, msiba upoe. Mwambie Festo asikupe kwanza."

Safari yote ile, lori, tope, vitunguu, nami kwa mdomo wangu nimemtengeneza mgeni rasmi wa kweli. Nikaona afadhali nionekane sina adabu.

"Mheshimiwa, njoo. Tutakupokea na ngoma tutapiga. Ila uje uwakute wanaona. Ukija hivihivi, hao watoto watakaopewa miwani hawatakuona hata ulivyo. Watasikia tu kuna mtu anahutubia."

Nyuma yake mtu alikuwa akimwita. Hakugeuka; akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka na ambaye tangu asubuhi hakutarajia kucheka. "Chukua miwani yako, mwalimu," akasema. "Nenda kabla sijabadili mawazo tena."

Jioni nilimkuta Festo mlangoni na boksi mkononi. Alikuwa ameumia, naona, akanikabidhi. Nilikaa hapohapo barazani, nikafungua kasha moja baada ya jingine, kila moja lina jina la mtoto. Sita zilikuwa nzima. Kasha la Mwanaidi lilikuwa na miwani iliyolegea mkono mmoja, skrubu yake haipo.

"Hii imekuwaje?"

"Tuliipeleka kwenye maonyesho," akasema Festo. "Kama sampuli. Watu walikuwa wanaijaribu."

Miwani hiyo ilikuwa imeshavaliwa na watu wasio na shida yoyote, na mwenyewe hajaigusa. Nadhani kunyamaza kwangu kulimtisha kuliko kama ningepiga kelele, maana aliinuka akasema kuna fundi simu sokoni ambaye hajafunga. Tulikwenda pamoja. Fundi akatafuta kwenye kopo lake skrubu ya simu iliyokufa, akaijaribu, ikakaa. Festo akanisindikiza hadi kwa shangazi akibeba boksi yeye, na njiani akaniambia, kana kwamba anazungumza na boksi, "Mwalimu, mimi nilikuwa nafuata utaratibu tu." Nilimwamini, nikazidi kukasirika.

Jumamosi nilirudi kwa gari la abiria, boksi mapajani. Nyamisati tulikuta maji yamekupwa, boti zimelala ubavu. Nilikaa kibandani kusubiri hadi maji yarudi, nikanywa chai iliyopoa, nikafika nyumbani jua linazama. Jirani yangu alinipokea mzigo. Kabla sijavua viatu akanipa habari: Bi Mwajuma alishamchukua Mwanaidi tangu jana, wamehamia shambani. Hakuningoja mpaka Jumatatu.

Jumapili asubuhi nikakodi mtumbwi. Mashamba ya mpunga yako juu kidogo ya mto, mahali ambapo maji si ya chumvi, na familia hukaa huko wakati wa kuamia, kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Niliwaona kwa mbali. Mwanaidi amesimama juu ya dungu, ameshika kamba zilizofungiwa makopo na kutandazwa shamba zima. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Kundi la ndege lilitua kimya kwenye pembe ya shamba, likala, wala hakushtuka. Bi Mwajuma akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

"Wewe! Ndege wale! Unaota?"

Mtoto akavuta kamba zote kwa pamoja, makopo yakalia kila upande.

Nilipiga hodi, nikaamkia, nikapanda ngazi ya dungu. Bi Mwajuma akafuata nyuma yangu akihema na akinung'unika kwamba miwani haitalisha mtu. Nikamvalisha Mwanaidi. Mkono ule wenye skrubu ya simu ulikaa vizuri. Kwanza alitazama mikono yake. Kisha akainua uso akatazama shambani.

"Vipi?" nikamwuliza. "Inauma?"

"Bibi," akasema, "wale kule mwisho, kwenye mpunga wa Babu Salumu, ni ndege?"

"Ni nini sasa, kuku?"

"Ni wengi hivi?"

"Si hao ndio wanaotumaliza! Kwani wewe huwa unafukuza nini?"

"Mimi huwasikia tu, bibi. Wakilia ndiyo navuta."

Bi Mwajuma alikuwa ameshika nguzo ya dungu. "Na mwaka jana," akauliza, sauti imeshuka, "ulivyokuwa na lile kombeo. Ulikuwa unarusha wapi?"

"Kwenye kelele."

Akamtazama mjukuu wake. Msimu uliopita, majirani wote wanajua, mtoto huyu alipigwa kwa sababu ya mpunga ulioliwa. Bi Mwajuma aliweka mwiko chini, akamshika Mwanaidi kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anayemnunua, akamwachia. Halafu akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa na maji na hasira pamoja.

"Na nyie, mwalimu, mlikuwa mmekaa nayo wapi hii miwani muda wote huo?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na habari zote: turubai, bango, bosi wa Dar, ratiba ambayo haijakaa sawa. Nilizibeba kutoka Kibiti zikiwa zinanichoma, nikingoja tu mtu wa kuniuliza. Pale juu ya dungu, mbele ya bibi yule, hazikuelezeka. Kila neno nililolitafuta lilisikika kama sauti ya Festo.

"Ilichelewa, bibi," nikasema. "Tusamehe."

Ndege wa Babu Salumu wakaruka, wakaja kwetu, na Mwanaidi akavuta kamba moja tu, ileile iliyohusika. Wakageuka hewani. Bi Mwajuma akaliona hilo, na mwenye shamba ndani yake akaamka palepale: "Basi sasa ndiyo ataamia vizuri!"

Nikakaa chini. Nilicheka, na si kwa furaha. Tukaanza upya, mimi na yeye, mtihani huku, mpunga kule, mpaka ugali ukaiva na kuliwa. Mwishoni akasema asubuhi ataamia yeye, na Mwanaidi akitoka shule atampokea mpaka ndege walale. Ni mbali kwa mtoto, na si mpango mzuri. Ndio tulioupata. Mchana ule nilishinda nao nikivuta makopo, na mikono yangu iliuma wiki nzima.

Watu wameniuliza nimejifunza nini safari ile. Nilikwenda Kibiti nikimtafuta mtu aliyetunyima miwani, na sikumpata. Hakuna aliyekataa. Festo alimngoja bosi, bosi alimngoja Festo, na wote wawili walimngoja mtu asiyejua kwamba anangojwa, kila mmoja kwa heshima zake. Mimi mwenyewe nilipiga simu kuanzia Februari hadi Mei, nikashukuru na kukata. Siku hizi nikiambiwa "tunasubiri" nauliza anasubiriwa nani, jina lake na yuko wapi, kisha naulizia usafiri. Nimeshaambiwa kuwa nina kisirani. Inawezekana.

Jumatatu niliwavalisha wale sita wa madarasa mengine miwani yao. Mwanaidi alikuja, amechelewa, miguu ina tope la shambani. Wenzake walimcheka miwani, kisha wakagombea kuijaribu, nikawakemea. Kwa ruhusa yangu alikwenda kukaa dawati la nyuma kabisa, pembeni ya dirisha, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Niligeuka ubaoni, nikaandika hesabu za sehemu, nikawa naendelea kuandika. Nyuma yangu nikasikia sauti yake.

"Mwalimu, ya tatu umeweka kutoa. Kitabuni ni kujumlisha."

Nikatazama. Nilikuwa nimekosea kweli. Nikachukua dasta.